Injinia mpya wa strakcha na viwanda vya kisasa Mombasa: ofisi ya dizaini, sait, ama ndani ya kiwanda chenyewe?

Umemaliza sivil, strakcha (hesabu za kufanya jengo lisimame imara) ndo inakushika, na kati ya maghorofa ya Nyali na viwanda umeamua viwanda. Vizuri. Swali sasa ni uingilie mlango gani, manake hapa Mombasa milango ni mitatu na kila aliyepita mmoja atakuapia huo wake ndo wenyewe. Wa ofisi ya konsaltanti atakwambia bila hesabu wewe ni fundi mwenye digrii tu, wa sait atakwambia wale wa ofisini hata spana hawajui inashikwa wapi, na wa kiwandani atakuangalia tu huku anakunywa chai yake kwa sababu mshahara wake huingia tarehe ile ile kila mwezi.

Kwanza tuelewane hivi viwanda vya kisasa ni vipi. Kama unawaza chipu za kompyuta, kiwanda chetu cha hizo kiko Nyeri pale Chuo cha Dedan Kimathi, si huku. Pwani tuna simiti, tuna mabati na stili kwenye ile laini ya Miritini hadi Mariakani, mafuta ya kupikia, kuunganisha magari, nguo za EPZ (maeneo ya viwanda vya kuuza nje), sindano za hospitali kule Kilifi, na eneo maalum la Dongo Kundu linalojengwa. Usasa wenyewe uko kwenye mashine zilizo ndani: laini inajiendesha, mkono wa roboti unapanga katoni, rafu za stoo zinapanda juu mpaka forklift ya kawaida haifiki. Na hapo ndo kazi yetu inabadilika, kwa sababu ghorofa la watu kuishi likisimama bila nyufa wewe umemaliza, lakini kiwanda kinaweza kusimama imara miaka hamsini na bado mwenyewe akakupeleka kortini, sababu mashine yake inatikisika ama reli ya kreni haiko sawa.

Sasa nitalinganisha kwa mambo matano, na ni hayo hayo kwa wote ili mtu asiseme nimependelea: utajifunza nini, nani yuko juu yako wa kuthibitisha kazi yako, jua na masaa, hela inakujaje, na ukitoka hapo waweza kwenda wapi. Kuna ambayo nitakaa nayo sana na kuna ambayo nitapita mbio, kwa sababu si yote yana uzito mmoja.

Utajifunza nini hasa

Ofisi ya dizaini utajifunza hesabu, na si zile za chuo. Chukua bimu ya kreni. Chuoni ulifundishwa ikiweza kubeba mzigo basi, ila kiwandani kuanguka si ndo shida ya kwanza, shida ya kwanza ni inapinda kiasi gani. Kanuni ya kawaida ni urefu ugawanye kwa 600, yaani bimu ya mita 9 isishuke zaidi ya milimita 15 kreni ikiwa imebeba, na upande kwa upande ugawanye kwa 500, yaani milimita 18. Ongeza hapo kreni ikipiga breki, ongeza inapita mara ngapi kwa siku, manake chuma kikipelekwa juu chini mara milioni kinachoka na kupasuka kwenye welding hata kama kila siku mzigo ulikuwa chini ya ule wa dizaini. Halafu kuna misingi ya mashine. Mashine ya kuzunguka mara 1500 kwa dakika inapiga mara 25 kwa sekunde, na ukiupa msingi wako mtikisiko wa asili (yaani kasi unayotikisika wenyewe ukigongwa) ulio karibu na hio 25 umeharibu kila kitu, konkriti hata iwe nzito vipi. Ile kanuni ya wazee kwamba msingi uwe na uzito mara tatu wa mashine inayozunguka na mara tano wa ile ya pistoni utaisikia sana, itumie kuanzia tu, usiitumie kumalizia.

Ukipata ofisi inayoshirikiana na watu wa nje utakutana na vipimo vya mtikisiko ambavyo vitakushangaza. Ofisi ya kawaida inaruhusiwa mikromita 400 kwa sekunde, chumba cha upasuaji kama 100, halafu unaingia kwenye ile mistari ya VC (vipimo vya mtikisiko kwa mashine nyeti) ambayo inaanzia 50 kwa VC-A na kuteremka hadi kama 3 kwa VC-E, na hizo za chini ndo za mashine za kuchora chipu. Kwa kiwango hicho hata mtu akitembea koridoni ni mzigo wa dizaini. Marekani walipopitisha sheria yao ya chipu 2022 na kutenga dola bilioni 52 na zaidi, kazi za namna hio ziliongezeka huko, na wako vijana wa huku wanaozitamani kabisa. Njia ya kuzifikia inapita kwenye hesabu za aina hii, haipiti kwenye kusimamia mjengo.

Kasoro ya ofisi ni kwamba mashine utaiona kama karatasi. Inakuja deta shiti (karatasi ya vipimo vya mashine) ya PDF kutoka China ama Italia, wewe unaweka mzigo kwenye modeli, unachora, unatuma. Na hio deta shiti hubadilika. Rivisheni ya tatu inafika msingi umeshamwagwa, na miguu ya mashine imesogea.

Hapo ndo sait na yadi ya chuma (karakana ya kukata na kuunganisha chuma cha jengo) wanaingia, kwa sababu hio rivisheni ya tatu wao ndo itawaangukia. Hebu niwaonyeshe bolti za kushikilia nguzo ama mashine. Kwenye mchoro ni vimiduara vinne na neno M30, yaani unene wa milimita 30. Kwenye sait ni bolti nne ndefu ambazo inabidi zikae wima kabisa katikati ya msitu wa vyuma, halafu zimwagiwe konkriti na watu kumi wenye haraka na vaibreta inayosukuma kila kitu. Kontrakta anayejua kazi anakata templeti ya bati nene yenye matundu ya saizi ile ile, anafunga nati juu na chini, anaisimamisha kwa kitu ambacho hakigusani na fomwaki, anaita sevea apime kabla na apime tena konkriti ikiwa bado mbichi. Asiyejua anafunga na waya. Wiki mbili baadaye nguzo inashushwa na kreni ya kukodi, saa inahesabika, bolti moja imelala milimita 12, na kuna mtu anaitisha gesi apanue tundu. Kijana aliyesimama hapo akashuhudia hawezi tena kuchora besi pleti (bati la chini ya nguzo) bila kuacha nafasi ya kurekebisha.

Yadi pia inafundisha mambo ambayo ofisini hayasemwi. Bomba la mraba likipelekwa kwenye galvanaizi (kupakwa zinki lisipate kutu) bila tundu la kupumua linaweza kulipuka ndani ya zinki ya moto yenye nyuzi kama 450, kwa hivyo watu wa yadi wanatoboa tundu hata kama mchoro haukusema, na wewe ukikaa nao utaanza kulichora mwenyewe. Utajua welding gani inafikika kwa mkono wa mtu na gani ni ya kwenye kompyuta tu. Utajua rangi. Hewa yetu ya chumvi iko kwenye daraja la C5, la kutu kali sana, kwa kipimo cha ISO 12944, na ile rangi koti moja juu ya kutu iliyofutwa na brashi ya waya haimalizi mvua mbili huku. Kasoro ya sait ni kwamba utajua namna bila kujua sababu, na usipojilazimisha kusoma jioni baada ya miaka mitatu hesabu zote zimekutoka kichwani.

Ndani ya kiwanda unajifunza kitu cha tatu kabisa, ambacho ni jengo linaishi vipi baada ya konsaltanti na kontrakta kuondoka. Watu wengi hudharau hii kazi, wanasema ni mentenansi. Lakini tembea chini ya paa la kiwanda cha miaka ishirini uangalie juu. Utaona bomba la mvuke limening'inizwa kwenye palini (vyuma vyembamba vinavyoshika mabati), kando yake treyi ya nyaya, kando yake daktingi ya kiyoyozi iliyoongezwa baadaye, halafu kuna mtu ameona mahali pazuri pa kufunga chenblok, ule mnyororo wa kunyanyulia mizigo. Kila kimoja kiliwekwa na mtu tofauti mwaka tofauti na hakuna hata siku moja mtu alijumlisha uzito wote. Ama utakuta breisi ya ukutani, ule mshazari unaozuia jengo zima lisilale upepo ukija, imekatwa kwa gesi sababu konveya ilitaka kupita. Jengo bado limesimama, kwa hivyo kila mtu anaona sawa. Kazi ya kugundua hayo, kupima, kuchora jengo ambalo michoro yake ilipotea zamani, na kumshawishi meneja wa uzalishaji asimamishe laini kwa siku mbili ili breisi irudi, hio ni injinia kamili, na haiko kwenye kozi yoyote niliyoiona.

Sakafu nayo utaielewa huku kuliko popote. Forklift zina magurudumu madogo magumu, na yanavunja kingo za jointi za sakafu kidogo kidogo kila siku mpaka inakuwa shimo, dereva anapunguza spidi, meneja analia kuhusu tani kwa saa, na hapo ndo unaelewa kwa nini wale wa dizaini walibishana vile kuhusu jointi ikae wapi.

Kasoro yake? Hesabu ngumu mara nyingi zinapelekwa nje kwa konsaltanti, na wewe unabaki kusoma ripoti ya mwenzako uliyesoma naye.

Nani yuko juu yako

Hii vijana huiruka halafu inawauma. Kwa sheria ya mainjinia ya 2011 huwezi hata kujiita injinia kama hujasajiliwa na bodi, EBK. Unaanza kama graduate, unafanya kazi isiyopungua miaka mitatu, halafu ndo unatahiniwa uwe professional. Kazi uliyofanya inatakiwa ithibitishwe na mainjinia waliosajiliwa wanaokujua, kwa hivyo swali la kuuliza kwenye intavyu si mshahara peke yake, uliza: ni nani hapa amesajiliwa, na atapitia kazi yangu mara ngapi?

Ofisi ya dizaini kwa kawaida jibu ni rahisi, bosi mwenyewe amesajiliwa ndo maana ana ofisi. Hatari yake ni ofisi ya mtu mmoja ambayo bosi yuko Nairobi wiki nzima na wewe unasukuma michoro peke yako anasaini Ijumaa usiku. Kwa kontrakta inategemea ukubwa, wale wakubwa wanaye, yadi ndogo pengine mwenyewe ni fundi hodari asiye na karatasi, na kwa kweli atakufundisha mengi ila hawezi kukuthibitishia chochote. Kiwandani mkuu wa idara mara nyingi ni wa mekanika ama umeme. Amesajiliwa, ni mtu mzuri, lakini ukimuuliza kuhusu kutoboka kwa slabu kandokando ya nguzo atakwambia ulizia. Ukienda huko jitafutie mlezi wa strakcha nje ya kazi, hudhuria mikutano ya IEK (chama cha mainjinia Kenya) tawi la huku, weka logibuku (daftari la kazi ulizofanya) tangu siku ya kwanza. Usingoje mwaka wa tatu uanze kukumbuka.

Jua, masaa na mwili

Ofisi, kiyoyozi, kiti, jamu ya asubuhi ukiwa unatoka Mtwapa ama Changamwe kuingia mjini, na usiku kabla ya kutuma michoro hulali. Basi.

Sait ni saa kumi na mbili asubuhi uko Miritini kabla jua halijakuwa kali, Jumamosi ni siku ya kazi, na konkriti ikianza kumwagwa huondoki mpaka imalizike hata ikiwa saa nne usiku. Februari mabati ya paa hayashikiki kwa mkono mtupu. Na hilo joto si la kukusumbua wewe peke yako: jengo la stili la mita 100 likipata tofauti ya nyuzi 20 linarefuka kama milimita 24, na unayaona kwa macho, bolti iliyoingia vizuri asubuhi saa nane mchana haiingii. Mfungo wa Ramadhani ukiwa sait uongee na foman mapema kuhusu zamu, wengi wa huku wanaelewa.

Kiwandani ni zamu, masaa yanajulikana, isipokuwa shatdauni, yaani kiwanda kikizimwa kwa matengenezo. Shatdauni ya mwaka ndo wakati peke yake wa kugusa jengo, kwa hivyo wakati wenzako wako likizo wewe uko ndani na buti. Kelele na vumbi pia zipo, za simiti hasa. Dai maski ya kweli.

Kwa dada zangu mnaosoma hii: sait zinatofautiana mno, uliza kuhusu choo kabla ya kusaini. Naongea serious. Sait inayokosa choo cha wanawake imeshakwambia mengine mengi. Viwandani mara nyingi mambo haya yako sawa zaidi kwa sababu ukaguzi huja mara kwa mara.

Hela

Sitaweka namba hapa, zinabadilika kila kampuni, ila namna inavyokuja iko wazi. Konsaltanti hulipwa na klaienti kwa awamu na klaienti huchelewa, kwa hivyo ofisi ndogo ikikosa malipo wewe ndo unaambiwa vumilia. Kontrakta hulipa vizuri mradi ukiwepo, posho ya sait, nauli, chakula pengine, halafu mradi ukiisha unapewa mkono. Kiwandani inapanda polepole lakini inaingia, na bima ya familia ni kitu, hasa kama nyumbani kuna mzazi anayeenda kliniki kila mwezi.

Ukitoka hapo

Kutoka ofisini unaweza kwenda karibu popote, hata kufanya kazi za nje ukiwa Bamburi na kompyuta yako, mradi umeshika Eurocode (kanuni za dizaini za Ulaya) vizuri. Kanuni za zamani za Uingereza, BS 8110 ya konkriti na BS 5950 ya stili, bado ziko kwenye meza nyingi za huku lakini Uingereza wenyewe waliziondoa 2010, na klaienti wa nje hatazikubali. Kutoka yadi, ukijua Tekla (programu ya kuchora chuma), kuna soko la kuchora michoro ya karakana, na kuna njia ya kufungua yadi yako na kujisajili na NCA, mamlaka ya ujenzi. Kutoka kiwandani njia ni ya kwenda kuwa meneja wa miradi upande wa mwenye mali, yule anayemwajiri konsaltanti. Ugumu ni kurudi nyuma: kutoka sait ama kiwandani kwenda kwenye dizaini ngumu baada ya miaka mitano ni ngumu kuliko kutoka dizaini kwenda huko. Haiwezekani? Inawezekana, ila utaanzia chini ya mtu mdogo kwako, na si kila mmoja ana roho hio.

Sasa, kwa hali yako

Kama hesabu unazipenda kweli, yaani ulikuwa unasaidia wenzako dainamiksi, na hauna mzigo mkubwa nyumbani kwa sasa, ofisi ya dizaini, lakini ile yenye miradi ya viwanda na si maghorofa peke yake. Omba kuona michoro ya mradi mmoja wa kiwanda waliomaliza. Wakikosa hata mmoja umeshajua.

Kama wewe ni mtu wa mikono na kukaa kwenye kiti kunakuua, nenda yadi ama sait, na chagua kontrakta anayetengeneza chuma mwenyewe badala ya yule anayenunua tayari, kwa sababu nusu ya elimu iko kwenye kukata na kuunganisha. Jiwekee kila wiki kuchukua kiungo kimoja ulichokiona kikifungwa na kukikokotoa mwenyewe.

Kama una watu wanaokutegemea na huwezi kukosa mshahara hata mwezi mmoja, kiwanda. Hujashindwa maisha, usisikilize watu. Ila panga kabisa mambo ya mlezi na logibuku, na omba uwe kwenye timu ya upanuzi, si mentenansi peke yake, kwa sababu kiwanda kinapoongeza laini mpya ndo unakaa meza moja na watu wa mashine, konsaltanti na kontrakta, na unawaona wote wakibishana.

Kama ndoto yako ni viwanda vya chipu ama dawa huko nje, anza na dizaini, tafuta mradi wowote wenye mtikisiko ama chumba kisafi hata uwe mdogo, jenereta kubwa juu ya slabu inatosha kuanzia.

Na kama bado uko chuoni pale TUM (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa) ama kwingine, una atachimenti, yaani vipindi vya mafunzo kazini. Usizipeleke zote mahali pamoja eti sababu kuna mjomba. Moja ofisi, moja sait ama kiwandani, na hio ya kiwandani iombe kipindi cha shatdauni, barua uiandike miezi kadhaa kabla kwa sababu orodha ya watakaoingia getini hufungwa mapema na bila jina kwenye orodha sekyuriti hawakusikilizi hata uwe na barua ya mkuu wa kitivo.